Kisangani: Mungu alikuwa wapi siku zile sita?

KISANGANI, Tshopo – Matawi ya mchikichi yakionekana mdomoni mwa barabara, mtu wa toleka anapunguza mwendo bila kuambiwa. Mbele kuna matanga. Ndani ya parseli bashi limefungwa, viti vya plastiki vimekodiwa, wamama wamekaa kwenye mikeka, na kwaya inaimba mpaka karibu na alfajiri. Wenye nyumba ni Wakatoliki, jirani wa kuume ni Mprotestanti, wa kushoto ni Mkimbanguisti, na ng'ambo ya barabara kuna Mwislamu. Wote wanaleta mchango. Ndivyo wakaaji wa Kisangani wanavyowalilia wafu wao.

Mwezi wa Juni 2000 hawakuweza kufanya hivyo. Nani angefunga bashi wakati mabomu yanaanguka? Nani angetembea na mchango kutoka Mangobo mpaka Kabondo? Kwa siku sita jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda, yote mawili ya kigeni, yalipigania mji ambao si wa Rwanda wala wa Uganda. Ilikuwa mara ya tatu: yalikuwa yamekwisha pambana humo Agosti 1999, na tena mwanzoni mwa Mei 2000. Lakini hii ya tatu ndiyo iliyopewa jina. Mpaka leo watu wanasema tu "vita vya siku sita", na kila mtu anaelewa.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 juu ya uhalifu mkubwa uliofanyika Kongo inasema kwamba kati ya Juni 5 na 10 raia waliouawa walikuwa kati ya 244 na 760, na zaidi ya 1,000 walijeruhiwa. Nyumba za watu zaidi ya 400 ziliharibiwa kabisa. Shule, hospitali na makanisa yalipigwa, na hata kanisa kuu la Notre-Dame, lile linalotazama mto, halikuachwa. Mjini kwenyewe watu wanataja hesabu kubwa zaidi, elfu moja na kupita. Tofauti ile ya 244 na 760 inasema jambo lake pia: kuna mamia ya watu ambao dunia haina hakika kama walikufa, ingawa mama zao wana hakika.

Jambo moja linasahauliwa mara nyingi wakati wa kukumbuka. Mwaka ule sikukuu ya Kupaa Bwana ilikuwa Alhamisi, Juni 1. Pentekoste ilikuwa Jumapili, Juni 11. Vita vilianza Jumatatu, Juni 5, vikaisha Jumamosi, Juni 10. Maana yake ni kwamba vilianguka ndani ya siku zile tisa ambazo Wakristo, hasa Wakatoliki, wanasali wakimngoja Roho Mtakatifu, Mfariji. Walimwomba Mfariji, wakapata mabomu. Jumapili asubuhi bunduki zilikuwa zimenyamaza, na watu walikuwa wakitafuta maiti.

Haishangazi basi kwamba swali lililobaki mjini ni moja: Mungu alikuwa wapi?

"Ni mapenzi ya Mungu"

Jibu linalosikika kwanza kwenye matanga yoyote, hapa na kwingineko, ni fupi: ni mapenzi ya Mungu. Anayelisema anataka kufariji. Mara nyingi hana neno lingine, na kunyamaza kunamwogopesha. Kwa mzee aliyekufa usingizini akiwa amezungukwa na wajukuu, neno hilo linaweza kupita.

Kwa mtoto aliyeuawa na bombu chini ya kitanda, haliwezi kupita. Bombu lile halikutoka mbinguni. Lilikuwa na kiwanda, lilikuwa na lori, lilikuwa na askari aliyelipakia kwenye mzinga na mkubwa aliyetoa amri. Kumpa Mungu kazi ya watu wale ni kuwafutia watu hatia na kumwandikia Mungu uhalifu. Waliofiwa wengi wanaisikia hitilafu hiyo rohoni hata kama hawawezi kuieleza, na ndipo shaka inapoanza. Wanaambiwa wamtumaini Mungu, na hapo hapo wanaambiwa kwamba ni yeye aliyewaua.

Katika kesi ya Kisangani wahusika wana majina. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio 1304 Juni 16, 2000, siku sita tu baada ya vita, likizitaka Rwanda na Uganda ziondoke. Kongo ilipeleka Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, La Haye. Desemba 19, 2005 mahakama hiyo iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria za kimataifa. Februari 9, 2022 ikaweka hesabu: dola milioni 325, ambazo milioni 225 kati yake ni kwa ajili ya madhara waliyopata watu, milioni 40 kwa mali, na milioni 60 kwa utajiri wa asili ulioporwa. Zilipwe kwa miaka mitano, milioni 65 kila mwaka, kuanzia Septemba 2022. Rwanda haikuhukumiwa, kwa sababu mahakama ilijiona haina uwezo juu yake.

Serikali ya Kongo iliunda mfuko wa kugawa fidia, FRIVAO, makao yake yakiwa hapa Kisangani. Tangu hapo wahanga wamepanga mistari, wamejaza karatasi, wamelalamika, wameandamana. Septemba 2025 aliyekuwa Waziri wa Sheria alihukumiwa na Mahakama ya Kasasyo mjini Kinshasa miaka mitatu ya kazi ngumu, katika kesi ya dola karibu milioni 20 zilizokusudiwa kujenga gereza la Kisangani. Fedha hizo zilikuwa zimetolewa katika mfuko wa fidia. Yeye alikana kosa. Mama aliyemzika mtoto wake mwaka 2000, na ambaye leo ana nywele nyeupe, anasikiliza habari hizo kwenye redio. Hapo swali la "Mungu alikuwa wapi" linapata ndugu yake: na watu je, wako wapi?

Injili ya Luka, sura ya 13, ina kisa kinachofaa Kisangani kuliko mahubiri mengi. Watu 18 waliangukiwa na mnara wa Siloamu, Yerusalemu, wakafa. Yesu anauliza wasikilizaji wake kama wanafikiri wale 18 walikuwa wakosefu kuliko wengine wa mji ule, na anajibu mwenyewe: hapana. Hakuna mahali anaposema kwamba Mungu aliuangusha mnara. Anafunga mlango wa hesabu ile ya kwamba aliyekufa amelipa deni, kisha anawageukia walio hai na kuwaambia watubu.

Maji ya Mulele na sista wa Bafwabaka

Mji huu ulijua hesabu ile ya deni zamani, kabla ya vita vya siku sita. Mwanzoni mwa Agosti 1964, ungali ukiitwa Stanleyville, ulitekwa na waasi wa Simba. Vijana wale walipitia mikononi mwa waganga, wakachanjwa, wakanyunyiziwa maji. Waliambiwa kwamba wakipiga kelele "Mai Mulele", risasi za adui zitageuka maji. Kulikuwa na miiko: usiguse mwanamke, usiibe, usigeuke nyuma vitani. Simba akipigwa risasi na kufa, maelezo yalikuwa tayari: amevunja mwiko.

Hiyo ndiyo nguvu ya dawa ya namna ile: haishindwi kamwe. Anayeshindwa ni maiti.

Novemba 24, 1964 makomando wa Ubelgiji waliruka kwa miavuli kutoka ndege za Marekani na kuutwaa mji. Mateka wa kigeni walipigwa risasi barabarani asubuhi ile. Kati yao daktari mmisionari Mmarekani Paul Carlson, aliyekuwa akitibu wagonjwa Wasolo, huko Ubangi, na aliyeuawa akijaribu kuruka ukuta. Wakongomani waliouawa katika miezi ile, na Simba kwanza na halafu na waliokuja kulipiza kisasi, walikuwa wengi kupita wageni kwa mbali, ila magazeti ya ulimwengu hayakuwahesabu. Papa Yohane Paulo II alipofika Kisangani Mei 1980 alikwenda kusali kwenye makaburi ya wamisionari, Makiso.

Siku chache baada ya kutwaliwa kwa mji, mashariki zaidi katika jimbo lile kubwa la zamani, Simba walifika kwenye konventi ya masista wa Jamaa Takatifu, Bafwabaka. Ilikuwa Novemba 29. Waliwapakia masista zaidi ya 30 kwenye lori na kuwafikisha Isiro. Kanali Ngalo alimtaka mmoja wao awe mke wake: Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, mzaliwa wa Wamba, miaka 24. Alikataa. Usiku wa kuamkia Desemba 1 alipigwa, akachomwa kwa visu, akapigwa risasi. Wenzake walishuhudia kwamba alimwambia mwuaji wake kuwa anamsamehe. Agosti 15, 1985, Kinshasa, Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri, na siku hiyo hiyo akamsamehe mwuaji hadharani kwa jina la Kanisa lote.

Kisa hicho kinajulikana katika kila parokia ya Tshopo. Kisichosemwa sana ni habari ya sista wa pili. Kanali Olombe, mwuaji wa Anuarite, alikuwa amewachukua wawili usiku ule, Anuarite na mwenzake Bokuma. Bokuma naye alikataa. Alipigwa mpaka mkono wake ukavunjika, lakini hakufa.

Wawili hawa walikuwa wa konventi moja. Walisali rozari moja, safari moja, usiku mmoja, wakatoa jibu moja kwa mtu mmoja. Mmoja alikufa na mwingine akaishi. Mwenye kutafuta mwiko uliovunjwa hataupata. Hakuna awezaye kusema kwamba Bokuma aliishi kwa kuwa imani yake ilikuwa kubwa zaidi, na hakuna anayethubutu kusema kwamba Anuarite alikufa kwa kuwa yake ilikuwa ndogo. Kanisa lenyewe lilimweka kwenye altare yule ambaye risasi haikugeuka maji mbele yake.

Miaka 60 na zaidi imepita, na Mai Mulele imerudi mjini ikiwa imevaa koti na tai. Katika baadhi ya vyumba vya sala vinavyoota kila barabara, aliyefiwa anaambiwa maneno ambayo mzee yeyote aliyewaona Simba angeyatambua. Mtoto amekufa kwa sababu hukutoa sadaka. Mume amekufa kwa sababu hukufunga siku zote 21. Mgonjwa alikuwa anapona, lakini uliruhusu shaka. Nabii haonekani kuwa ameshindwa hata siku moja. Aliyeshindwa ni mama aliyekaa kwenye mkeka.

Na kama kosa si la mama, hutafutwa ndoki ndani ya nyumba. Mara nyingi anapatikana aliye dhaifu kuliko wote: mjane, bibi mzee, yatima anayekojoa kitandani au anayeota ndoto mbaya, kana kwamba mtoto aliyefiwa na baba angeota nini kingine. Baadhi ya watoto wanaolala sokoni walifukuzwa nyumbani hivyo, baada ya kilio. Sheria ya Januari 10, 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, katika kifungu chake cha 160, inamwadhibu anayemshitaki mtoto kwa ulozi: kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu pamoja na faini. Ni sheria ya nchi nzima, na inamhusu mchungaji sawa na mjomba. Wachungaji na mapadri wanaoitaja kwenye matanga wangewaokoa watoto wengi, maana matanga ndipo mashitaka yanapozaliwa.

Wale walionyamaza siku saba

Askofu mkuu wa Kisangani wakati wa vita vya siku sita alikuwa Laurent Monsengwo, ambaye kabla ya siasa na kofia ya kardinali alikuwa mwanafunzi na mwalimu wa Biblia. Na Biblia, ikisomwa yote na si mistari ya kuchagua, ina kelele nyingi za watu wanaomlalamikia Mungu. Zaburi nyingi ni malalamiko. Kuna kitabu kizima kinachoitwa Maombolezo. Habakuki anaanza kwa kumuuliza Mungu ataita mpaka lini bila kusikiwa. Yeremia anailaani siku aliyozaliwa. Martha, ndugu yake Lazaro, anamwambia Yesu usoni kwamba kama angekuwapo ndugu yao hangekufa. Maria anakuja na kurudia maneno yale yale. Yesu hakumkemea hata mmoja kwa kukosa imani. Alilia.

Ayubu ndiye anayetajwa zaidi kwenye matanga ya hapa, na ndiye anayetajwa vibaya zaidi. Watu wanakumbuka sura mbili za mwanzo, Ayubu mvumilivu, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Wanaziruka sura karibu 40 zinazofuata, ambamo mtu yule anapiga kelele, anadai kesi, anataka Mungu aje ajibu mashitaka. Rafiki zake watatu walipofika walifanya jambo jema: walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno. Ni matanga kamili, kama ya Kisangani. Waliharibu siku walipofungua kinywa na kuanza kumtafutia kosa alilofanya. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wale waliomtetea yeye kwa uongo, na kusema kwamba Ayubu, yule mwenye kelele, ndiye aliyesema sawa.

Shaka ya namna hii si adui wa imani. Mtu halalamiki kwa mlango ambao anajua nyuma yake hakuna mtu. Mama anayesema "Mungu, ulikuwa wapi?" bado anasema na Mungu, na huenda usiku ule hana sala nyingine.

Kuna waliofiwa ambao hata matanga hawakupata. Mei 14, 2002, baada ya askari kuasi, vikosi vya RCD-Goma viliwaua raia Mangobo, na maaskari na mapolisi waliokamatwa waliuawa usiku kwenye daraja la Tshopo. Shirika la Human Rights Watch liliandika kwamba waliouawa siku zile walikuwa si chini ya 80. Hesabu za Umoja wa Mataifa zilikuwa kubwa zaidi. Maiti zilipasuliwa matumbo, zikafungiwa mawe na kutupwa mtoni. Nyingine zilielea hata hivyo. Nyingine hazikuonekana tena. Familia zao zinavuka daraja lile kila siku kwenda sokoni. Kaburi lao ni maji.

Na ng'ambo ya mto mkubwa, Lubunga na maeneo yanayopakana nayo, kilio si cha zamani. Tangu 2022 Wambole na Walengola wamekuwa wakiuana kwa ajili ya ardhi iliyopewa kampuni ya kilimo. Vijiji vilichomwa, maelfu wakakimbilia Kisangani wakiwa na sufuria na godoro. Hapa hakuna jeshi la kigeni la kupeleka La Haye. Waliochoma na waliochomewa wanajua nyimbo zile zile za kanisa. Wengine walibatizwa na padri mmoja. Mhubiri anayesimama mbele ya waliokimbia hawezi kuwaambia wamtumaini Mungu bila kuwaambia pia wale wa benchi la pili waweke panga chini.

Februari 1, 2023, Kinshasa, wahanga kutoka Beni na Butembo, Goma, Bunia, Bukavu na Uvira walimwelezea Papa Fransisko yaliyowapata, kisha wakaweka chini ya msalaba vyombo walivyoteswa navyo, panga mojawapo. Hawakuanza kwa kusema wamesamehe. Walianza kwa kueleza: nani alikuja, saa ngapi, alikuwa na nini mkononi. Papa alisikiliza kwanza.

Kisangani, waliouawa mwaka 2000 wana makaburi yao Plateau Médical, komine ya Makiso. Kila Juni 5 watu wanafika: viongozi na maua yao, mashirika ya wahanga na mabango yao ya fidia, mapadri na wachungaji. Kwa wengine ni siku ya siasa. Kwa wengine ni siku pekee ya mwaka ambayo jina la mtu wao linaweza kutajwa bila jirani kusema imetosha, yaishe. Wapo wanaokuja na hawaendi tena kanisani. Wapo ambao hawajakosa misa tangu siku ile. Wanasimama pamoja kwenye nyasi zile, na hakuna anayewatenga.

Mapadri na masista wana kitabu cha sala za saa, ambacho kina zaburi za kila usiku kabla ya kulala, zilizopangwa kwa siku za juma. Ya Ijumaa ni Zaburi ya 88. Ni ya mtu anayemlilia Mungu mchana na usiku, anayemuuliza kwa nini ameficha uso wake, na tofauti na zaburi nyingine haina mstari wa faraja mwishoni. Neno lake la mwisho ni giza. Usiku wa tano wa vita, Juni 9, 2000, ulikuwa Ijumaa. Hiyo ndiyo sala iliyokuwa imepangwa kwa Kisangani usiku ule, na inasomwa vile vile, bila kuongezewa kitu, kila Ijumaa mpaka leo.